Mbula Juu ya Paa

Bati lililomuua Kisilu alikuwa amelipigilia kwa mkono wake mwenyewe.

Nyumba ilikuwa ya mawe, vyumba viwili, huko Gatuanyaga mashariki mwa Thika. Kisilu alikuwa na haraka ya kuhamia kabla ya Krismasi, basi palipotaka misumari mitatu yeye akapiga mmoja, akasema mingine itakuja baadaye. Haikuja. Kilichokuja ni mwezi wa nne na mvua yake. Upepo ulitoka upande wa mlima Kilimambogo kama fahali aliyekata kamba, ukaingia chini ya paa, ukalinyanyua. Kisilu alitoka mbio kufuata bati lililokuwa likibingirika shambani katikati ya mahindi. Alilikaribia, akanyoosha mikono. Bati likageuka, likamrudia yeye.

Mkewe, Mbula, alikuwa mlangoni akimwita arudi ndani. Aliona shingo ya mumewe ikifunguka. Mtu mwingine angepiga nduru na kukimbilia kwa jirani, lakini Mbula alikuwa mfanyakazi wa kichinjioni, na kwa jinsi damu ilivyoruka alijua hakuna pa kukimbilia. Akapiga magoti kwenye matope, akamshika kichwa kisizame, akaongea naye habari za kawaida, za mbuzi na za binti yao Lynn aliyekuwa shule ya bweni, mpaka akajua anaongea peke yake.

Huyo ndiye Mbula. Aliitwa hivyo, jina la mvua kwa Kikamba, kwa sababu alizaliwa ikinyesha, na tangu Kisilu afe hakulipenda tena jina hilo. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mikono kama ya mpiga mawe. Kazi yake ilikuwa kuosha matumbo na kuchemsha vichwa vya mbuzi, na pale kichinjioni Makongeni wateja walimwita Mama Matumbo naye akaitika bila kinyongo. Hakuwa mtu wa kuchezewa. Siku moja mchinjaji mmoja alimshika kiuno kwa mzaha mbele ya wenzake. Mbula aliukamata ule mkono, akautumbukiza kwenye sufuria la maji ya vichwa, akaushikilia humo mpaka mwenyewe akaomba msamaha kwa Kiswahili, kwa Kikikuyu na kwa Kikamba. Tangu hapo wanaume wa kichinjioni walimpisha njia.

Alibaki na mama mkwe wake, Kalondu, bibi mwenye mgongo uliopinda na ulimi ulionyooka. Mbula alimwita Mwaitu, kama vile angemwita mama aliyemzaa. Majirani walikuwa wamewarudishia mabati yaleyale, yamekunjika, wakayawekea mawe juu ili yasiruke. Kila upepo ulipovuma, mawe yale yaliburuzika juu ya vichwa vyao, na wanawake hao wawili wakaingia chini ya kitanda kama kuku. Jiwe moja lilipenya likaangukia mahali ambapo kichwa cha Kalondu hulala. Siku hiyo Kalondu alikuwa jikoni.

"Nyumba hii ilikula mtoto wangu," Kalondu alisema akilitazama lile jiwe juu ya mto. "Sasa inanitaka mimi."

"Haitakula mtu mwingine," Mbula alijibu.

Lakini kulikuwa na mtu aliyeomba iendelee kula. Muthoka, mdogo wake Kisilu, aliendesha lori la mchanga na kuishi upande wa pili wa ua. Hata kabla maua ya kaburi hayajakauka alikuwa amekuja na neno lake.

"Mama Lynn, mwanamke akifiwa hurudi kwao. Hii shamba ni ya baba yangu."

"Kwetu ni hapa, shemeji. Mume wangu amezikwa hapa."

"Kaburi si nyumba."

"Na wewe si chifu."

Muthoka hakubishana tena. Akaanza kungoja. Mbula alimwona jinsi alivyosimama uani mawingu yanapokusanyika, mikono mfukoni, macho kwenye yale mawe ya paani, na akaelewa mpango wake wote. Alikuwa akingoja mvua imfanyie kazi. Mwaka mmoja au miwili ya kulala majini, mwanamke angefunga virago mwenyewe, na hakuna mtu ambaye angesema Muthoka alimfukuza.

Basi Mbula alikusanya vifaa kimyakimya. Mbao na mabati mapya alivinunua kidogo kidogo, na mchungaji akamruhusu avifiche kanisani, nyuma ya viti vya kwaya. Mwezi wa pili ulipokwisha, jua likiwa kali hata ardhi inapasuka, redio ikaanza kuonya kwamba mvua ya mwaka huu itakuja mapema na upepo wa kung'oa miti. Mbula alimpigia simu Gerishon, fundi kutoka Mwihoko aliyelijenga paa la kanisa lao.

Gerishon alikuja na begi la vifaa na mdomo usiochoka. Alizunguka nyumba, akapanda, akashuka akitikisa kichwa.

"Ngai! Mama Lynn, hii paa ilikuwa imekaliwa tu na Mungu. Angalia. Upepo haisukumi nyumba kutoka juu, inaingia hapa chini kwa pembeni, inabeba. Mbao zenu hazikufungwa kwa ukuta. Zimewekwa tu kama kofia kwa kichwa."

"Basi ifunge."

"Nitaifunga mpaka upepo ikitaka paa ichukue na mawe ya ukuta."

Wakaanza Jumatatu, na Mbula akaomba likizo kichinjioni awe msaidizi. Waliangusha yale mabati ya zamani, na lile moja lenye doa jeusi Mbula alilikata vipande kwa panga akavizika. Walitoboa ukuta na kupitisha kanda za chuma, wakazizungusha kwenye mbao na kuzipiga misumari hadi zikakaza kama mshipi. Mbula alijifunza kukaa juu ya mbao bila kutazama chini. Alijifunza kupiga msumari kwenye mgongo wa wimbi la bati na siyo bondeni, maji yasipite, na pembeni, ambako upepo hutia vidole vyake, kupiga kila wimbi bila kuruka hata moja. Kila alipopiga alimfikiria Kisilu, na mara nyingine alimkasirikia hata machozi yakamtoka. Msumari mmoja mahali pa mitatu! Angemaliza siku moja zaidi, wangekuwa wanakula chakula pamoja.

Ijumaa upande wa mashariki ulikuwa umekamilika. Jumamosi waliamka kuumaliza wa magharibi. Mbao zake zilikuwa zimeshafungwa, mabati yamepangwa, mengine yamepigwa msumari wa kushikilia tu. Mchana, joto likawa zito kama blanketi, na upande wa Kilimambogo anga likaanza kugeuka rangi ya ini.

"Harakisha, Mama Lynn," Gerishon alisema. "Hiyo si ya kesho. Ni ya leo."

Hapo ndipo Muthoka alipoingia uani na wanaume wawili wa kupakia mchanga. Yeye mwenyewe alibeba mtaimbo. Siku zote hizo alikuwa safarini na lori, na sasa alisimama akitazama paa jipya linalong'aa, mdomo wazi. Mbula aliona uso wake ukibadilika. Ile mvua aliyoitegemea ilikuwa imenyang'anywa kazi.

"Shukeni!" alipiga kelele. "Nani amewaruhusu kujenga kwa shamba ya baba yangu?"

Gerishon alikuwa chini akikata ubao. Aliinua mikono. "Ndugu yangu, tuongee pole pole, mimi ni fundi tu..."

Mmoja wa wale wanaume aliokota kipande cha mbao, akamtandika nacho ubavuni. Mbula alisikia mfupa ukivunjika, sauti aliyoijua vizuri. Gerishon aliinama, akapigwa tena mgongoni, akaanguka kifudifudi kwenye vumbi la msumeno. Ndani ya nyumba Kalondu alianza kuita, "Muthoka! Wewe Muthoka! Mama yako yuko humu!"

Muthoka alipanda ngazi na mtaimbo wake, akakanyaga paa, akauchomeka chini ya bati la kwanza la magharibi na kulibandua. Bati lililia kama nguruwe. Akalitupa chini, akachomeka la pili.

"Muthoka, wacha!" Mbula alisema. Alikuwa juu kabisa, kwenye kofia ya nyumba, nyundo mkononi. "Mwaitu yuko chini yako!"

"Mwaitu ni mama yangu, si wako. Atakuja kwangu. Wewe nenda kwenu ukaolewe na nyama."

La pili likaruka. Mbula akateremka kwa makalio juu ya bati la moto hadi alipomfikia. Muthoka aliutupa mtaimbo, ukamkosa, ukagonga na kuteleza hadi chini. Akamdaka mguu. Akavuta. Mbula alijikuta analala kwa tumbo, miguu yake ikienda ukingoni, vidole vyake vikikwaruza bati, kucha zikikatika. Mkono mmoja uliupata ubao ulio wazi, pale bati la pili lilipotoka. Ubao ule alikuwa ameufunga mwenyewe Jumatano. Ulimshika.

Mkono wa pili bado ulikuwa na nyundo. Akageuka. Kichwa cha Muthoka kilikuwa karibu sana, jasho kwenye paji, na Mbula alipaona pale hasa, juu kidogo ya sikio, ambapo kwa mbuzi pigo moja linatosha. Alitaka kupapiga. Alitaka kwa mwili wote, kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji. Nyundo iliteremka, na hata leo hajui kwa nini ilikwenda kwenye vidole vilivyoshika mguu wake. Ilikwenda mara moja, ikaenda tena, na mara ya pili vidole havikuwa tena na umbo la vidole.

Muthoka alipiga yowe, akaachilia, akateleza. Alijaribu kushika ngazi, akaanguka nayo.

Kelele zilikuwa zimeita kijiji. Wa kwanza kufika alikuwa Njambi, jirani wa ng'ambo ya barabara, na nyuma yake wanaume kwa wanawake, wengine na fimbo, wengine na panga. Wale wapakiaji waliona wingi ule wakaruka ua. Muthoka hakuweza kusimama.

"Huyu ndiye anafukuza wajane!" Njambi alipaaza sauti. "Tumechoka na yeye! Aliiba mbuzi wangu, mnajua aliiba!"

Wakamwangukia. Jiwe, teke, fimbo. Mtu mmoja alisema, "Leteni taya ya gari tumchome," na mtu mwingine akaenda kweli kuitafuta. Panga likapanda na kushuka, na suruali ya Muthoka pajani ikawa nyeusi.

Mbula aliyatazama hayo yote kutoka juu. Kifuani mwake kulikuwa na kitu kitamu chenye moto, na alikiacha kiwake. Wacha, alijiambia. Wacha wamalize, si mimi ninayempiga.

Kisha mlango ukafunguka chini yake, na Kalondu akatoka kwa mikono na magoti, kwa kuwa fimbo yake alikuwa ameiangusha. Alitambaa katikati ya miguu ya watu kama mtoto mchanga. Hakuna aliyemwona. Alijilaza juu ya mwanawe, na jiwe lililokuwa limeshatupwa likampata usoni.

"MNAUA NANI?" Ilikuwa sauti ya Mbula, na watu wanasema ilisikika hadi barabarani. Hakukuwa na ngazi. Akaruka. Kifundo cha mguu wake kilipinda alipotua, akainuka, akawatupa watu kulia na kushoto kwa yale mabega yake. "Mnaua nani? Huyu ni Kalondu! Huyu ni mama yenu!"

Fimbo zikashushwa. Njambi alifunika mdomo kwa mkono. Kabla mtu hajasema neno, upepo ulifika.

Haukuja kwa kujitangaza. Mgomba wa uani ulikatika katikati, lile bati lililotupwa chini likainuka, likasimama wima mbele ya watu, likaondoka likizunguka. Watu walilala chini. Mvua ikawafuata, ya mawe, ikichapa migongo. "Ndani!" Gerishon alifoka kutoka chini ya ukuta alikojikokota, ubavu ameushika. "Wote ndani!"

Waliingia wote, waliopiga na waliopigwa. Mbula alimbeba Kalondu, Njambi akasaidiwa kumburuta Muthoka. Sakafuni, Mbula alichana suruali akaona damu inavyotoka kwa mapigo. Aliijua damu ya namna hiyo. Alikunja ngumi akaizamisha kinenani, pale mshipa mkubwa unapopita juu ya mfupa, akaegemea uzito wake wote. Damu ikapungua, ikawa mchirizi. Alipolegeza kidogo, ikaruka.

Juu, paa lilianza kunguruma. Upande wa magharibi, pale palipobanduliwa, upepo ulikuwa umepata mlango wake. Bati lililofuata lilipigapiga, likang'oka. Mbao zikalia.

"Mama Lynn!" Gerishon aliita. "Tukipoteza huu upande, na ule mwingine unaenda! Nahitaji wewe!"

Mbula alitazama juu. Ile ilikuwa nyumba yake. Lile lilikuwa jasho lake la mwaka mzima, na aliyekuwa chini ya ngumi yake ni mtu aliyekuja kuibomoa. Muthoka alikuwa amefumbua macho, anamtazama.

"Nikiondoka anakufa," Mbula alisema.

"Basi wengine!" Gerishon alitupa kamba juu ya mbao za magharibi. "Shikeni! Ning'inieni! Kila mtu mwenye nyama mwilini aning'inie!"

Na watu wale ambao dakika chache nyuma walikuwa wakitafuta taya, walizishika kamba na mbao na kuning'inia kwa uzito wao, Njambi mbele yao, mvua ikiwapiga usoni kupitia tundu. Upepo uliwainua, miguu ikaachana na sakafu, ukawarudisha, ukawainua tena. Ukuta ulitoa vumbi pale kanda za chuma zilipopita. Kanda hazikuachia. Upande wa mashariki, uliopigwa msumari kila wimbi, haukutikisika hata kidogo. Mbula alisikiliza yote akiwa ameinamia paja la adui yake, mvua na damu vikichanganyika magotini pake, na Kalondu ameegemea mgongo wake, jicho moja limefunikwa kwa leso, akiomba kwa Kikamba.

Upepo ulipokufa, nyumba sita za Gatuanyaga zilikuwa wazi juu. Ya Muthoka ilikuwa mojawapo. Ya Mbula ilikuwa imepoteza mabati manne.

Pikapu ya mchungaji iliwapeleka Thika hospitali, na Mbula hakuitoa ngumi yake mpaka daktari alipomwambia mara mbili. Muthoka alipona, ila mkono wake wa kulia haukuweza kushika usukani tena. Gerishon alifungwa ubavu, na baada ya wiki mbili akarudi kuketi kwenye kiti uani na kumwelekeza Mbula namna ya kupiga mabati yaliyobaki. Kalondu alipoteza jicho.

Kesi ilisikizwa mahakamani Thika. Mbula alisimama akasema yote aliyofanya Muthoka, na nyundo yake pia hakuificha. Alipoulizwa ni nani aliyekata paja na nani aliyetupa jiwe, alisema watu walikuwa wengi. Muthoka alifungwa jela.

Tangu siku hiyo Kalondu hakumsemesha Mbula. Alikula chakula chake, alilala chini ya paa lake, akageuzia ukuta uso wake. Mbula alirudi kazini, akaosha matumbo. Mvua ilinyesha mwezi wa nne wote na sehemu ya wa tano.

Alasiri moja, mvua ikipiga juu yao bila tone kuingia, Kalondu alikohoa.

"Wewe ulimwona aliyetupa hilo jiwe."

"Nilimwona, Mwaitu."

"Mtoto wangu ulimtaja."

"Nilimtaja."

"Na huyo mwingine?"

Mbula aliinamisha kichwa. "Huyo mwingine aling'ang'ana na kamba mpaka viganja vikachunika ngozi. Sikuweza kumtaja."

Kalondu aliugeuza uso wake kutoka ukutani. "Ile nyundo," alisema mwishowe, "ulitaka kumpiga kichwa?"

"Ndiyo."

"Hata mimi ningetaka." Bibi alijifuta lile jicho lisiloona, lililokuwa bado linatoa machozi. "Jumapili nipeleke nikamwone. Umpikie kitu, jela hakuna nyama."

Jumapili Mbula alipika kichwa cha mbuzi, akakitia kwenye mkebe, akamshika Kalondu mkono hadi langoni mwa jela. Bibi aliingia akiongozwa na askari. Mbula hakuingia. Alikaa nje juu ya jiwe, karibu na mwanamke aliyekuwa akiuza ndizi, wakaongea habari za mahindi yaliyolala kwa upepo, kama yatainuka au hayatainuka.